Mgeni wa Chumba cha Mapovu

Siku Hamdam-aka, mkuu wa shule (aka kwetu ni kaka mkubwa), alipokubaliana na mwalimu Oydin kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Oydin alifurahi. Hapo ndipo alipokosea. Mtu anayemjua Hamdam-aka vizuri, akiona wamekubaliana, huketi kwanza akajiuliza kuna nini.

Walikuwa wanachagua vifaa. Shule yetu hapa Margilan, Uzbekistan, ni ya watoto ambao kujifunza kwao kuna njia yake, na mwaka huo wafadhili walijitokeza kututengenezea chumba cha hisi, yaani chumba ambamo mtoto asiyefikiwa kwa maneno anafikiwa kwa mwanga na kwa kugusa. Kikaletwa kitabu kinene cha picha za vifaa, na kamati ya kuchagua ikakaa. Kwetu, kamati ya kuchagua maana yake Hamdam-aka anachagua, wengine wanakunywa chai.

Oydin alikuwa amejiandaa. Kabla hajafungua kinywa mbele ya kamati alishawajaribu watoto wake kwa vitu vya nyumbani: vipande vya hariri, brashi ya viatu, ngozi ya kondoo, maganda ya matunda ya jozi ndani ya soksi. Alitazama nani anashika nini na nani anakimbia nini. Zaidi ya wote alimtazama Zarnigor. Mtoto huyo wa miaka minane hakuwa na neno hata moja, na macho yake yalijua mwanga na giza, basi. Akihangaika aliuma kifundo cha mkono wake mpaka kitoke damu, na alihangaika karibu kutwa nzima. Siku moja Oydin aliwasha tochi chini ya gilasi ya maji akayakoroga. Zarnigor akautoa mkono kinywani, akausogeza uso wake mpaka pua ikagusa gilasi. Maji yalipotulia, akarudi kuuma. Oydin alikoroga mpaka mkono ukafa ganzi.

Kwa hiyo alijua anachokitaka. Taa za kuwaka na kuzimika ghafla alizikataa, maana zingeweza kuwaletea kifafa baadhi ya watoto. Alitaka fungu la nyuzi za mwanga, laini, zisizounguza, za kushika na kujifunika. Alitaka ubao wa kugusia wenye manyoya, kamba na hariri. Na kuliko vyote alitaka mrija mrefu wa maji unaopandisha mapovu na kubadilika rangi, ambao mtoto anaukumbatia na kuuhisi ukitetemeka.

"Huu mrija," alisema siku ya kamati, akiwa ameshajifunga kibwebwe.

Hamdam-aka akavaa miwani. "Unafika darini?"

"Karibu na dari, aka."

"Na rangi inabadilika?"

"Yenyewe."

"Tuchukue. Na hizi nyuzi, tazama zinavyoning'inia, utadhani ukumbi wa harusi. Tuchukue. Zulia nitaleta mwenyewe."

Oydin alipaswa kulisikia hilo neno zulia. Hakulisikia, masikini. Alirudi nyumbani akaimba jikoni mpaka mumewe akauliza kama kuna mtu amepata mtoto.

Sasa, kila nyumba ya kwetu, hata iwe na vyumba viwili tu, kimoja ni cha wageni. Humo hukaa zulia zuri, magodoro membamba ya kukalia, na vyombo vya kaure ambavyo mwenye nyumba hajawahi kunywea. Watoto hawaingii. Oydin alipokuwa mdogo alifinywa na mama yake kwa kuingia kutazama birika lenye maua, na alipokuwa mkubwa akawafinya wanawe kwa kosa lilelile. Ndiyo maana mafundi walipomaliza kufunga vifaa na kwenda zao, hakuna mwalimu aliyeshtuka kwa alichofanya Hamdam-aka. Alitandika zulia jekundu. Akapanga magodoro kuzunguka ukuta, akaweka meza fupi katikati na vibakuli vya kaure vya kunywea chai juu yake. Akaurudishia mrija nailoni uliyokuja nayo, usije ukashika vumbi. Kisha akafunga mlango, akatia ufunguo mfuko wa koti. Chumba kizuri kuliko vyote ni cha wageni, nani asiyejua? Oydin mwenyewe ilimchukua muda kuona kwamba ameibiwa mchana kweupe.

Wakubwa wa serikali walikuja kukizindua. Walivua viatu, walikula pilau chini ya nyuzi za mwanga, na mmoja wao aligusa manyoya ya ubaoni akasema ni laini. Watoto waliimba ukumbini kwenye baridi, wakiwa na makoti, wakapigiwa makofi kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Wageni walipoondoka nailoni ikarudi mahali pake.

"Hamdam-aka," Oydin alimwambia kesho yake, "chumba kile ni cha watoto."

"Nani kasema si cha watoto? Ninawatunzia kisiharibike."

"Watakitumia lini?"

"Mdogo wangu, nikuulize. Wewe kwako, wanao wanakunywa chai kwa vikombe vya kabatini?"

Oydin akawakumbuka wanawe aliowafinya.

"Haya, unaona."

"Zarnigor anajiuma, aka. Mkono umekuwa kidonda kitupu."

"Mungu atampa wepesi. Lakini akiziuma na nyuzi je? Tume inakuja baada ya sikukuu ya Navruz. Ikikuta chumba kimechakaa tutaiambia nini? Ipite tume kwanza, halafu tutaona."

Na kumbe tume hiyohiyo ndiyo iliyomnyima Oydin usingizi. Kila mwaka majira ya kuchipua, daktari Dilorom na wenzake hupita shuleni kuamua mtoto yupi anafundishika na yupi hafundishiki. Asiyefundishika hupelekwa kituo cha bweni kule mbali, ambako wazazi hukaribishwa mara chache na mtoto husahau harufu ya kwao. Mwaka uliopita Zarnigor alijiuma mbele ya daktari tangu mwanzo wa mahojiano mpaka mwisho. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alimpa mwaka mmoja, akamwambia Oydin wazi: "Mkono ukishinda kinywani utafundishwa lini? Nionyeshe mikono iko huru, hata kidogo, nami nitamwacha." Mwaka ulikuwa umeshakatika, na dawa ya mkono ule imefungiwa nyuma ya mlango, imevikwa nailoni.

Wazazi wa Zarnigor walikuwa vibaruani Urusi. Alilelewa na bibi yake, Robiya, mshona kofia. Oydin akaona haki ni haki, bibi aambiwe mapema, akaenda kwao mchana mmoja akiwa na maneno yake tayari. Robiya hakutaka kusikia lolote uani. Alimshika mkono, akampeleka chumba cha wageni.

"Hapahapa panatosha, bibi," Oydin alisema akitaka kukaa karibu na mlango.

"Unanitia aibu, mwanangu? Mwalimu akae mlangoni kama mdai?"

Ikabidi akae kule juu, mbali kabisa na mlango, mahali pa heshima. Akaletewa chai na mkate wa tanuri ambao hapana shaka ulikuwa wa jioni ya watu wa nyumba hiyo. Zarnigor alibaki kizingitini, kwa sababu watoto hawaingii, akiwa na mkono kinywani. Oydin alimtazama, akayatazama magodoro mazuri aliyokalia, na hasira ikampanda: hasira kwa Hamdam-aka, kwa mama yake na birika lake, na kwa yeye mwenyewe kwa kila mfinyo aliowafinya wanawe. Kisha, kikombe kikiwa bado mkononi, akili ikamjia.

"Bibi, una gauni zuri?"

"La kuzikiwa?"

"La kwenda kutembelea watu."

Kesho yake masomo yalipokwisha, wazazi wakiwa wamejaa getini kuchukua watoto, Robiya alitokea na gauni la hariri na kitambaa cha mikate mikononi. Zarnigor alikuwa naye, amevaa mahameli badala ya sare.

"Assalamu alaykum, mwanangu," Robiya alimwambia Hamdam-aka kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Tumekuja kukutembelea."

"Bibi, masomo yameshaisha."

"Nani kataja masomo? Sisi ni wageni."

Hamdam-aka aliitazama ile mikate. Akawatazama wazazi, ambao ghafla hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Alilelewa na mama aliyemwambia asubuhi na jioni kwamba mgeni ni mkubwa kuliko baba yako, na kumrudisha mgeni getini, tena na mkate mkononi, ni aibu ambayo wajukuu zake wangeilipia kwenye posa. Mkono wake ukapanda kifuani wenyewe.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Karibuni ofisini."

"Ofisini kuna rangi mbichi, aka," alisema Oydin, ambaye kwa bahati alikuwa anapita. Rangi yenyewe alikuwa ameipaka yeye asubuhi hiyo, na kidole chake kimoja kilikuwa bado cheupe.

Basi ufunguo ukatoka. Robiya akaketi kule juu, kando ya mrija, na Zarnigor pajani pake. Hamdam-aka akamimina chai nusu kibakuli, kama heshima inavyotaka, akaishika kwa mikono miwili kumpa. Robiya akanywa kidogo, akatupa macho chumbani.

"Mwanangu, kuna msiba? Mbona vitu vimefunikwa?"

Hamdam-aka akavua nailoni.

"Na hilo dude linawaka, au ni pambo?"

Hamdam-aka akaliwasha. Maji yakanguruma taratibu, mapovu yakaanza kupanda, ya samawati kwanza, kisha ya kijani. Zarnigor aliacha kutikisika. Alishuka pajani kwa bibi, akaenda kwa magoti mpaka kwenye ule mwanga, akaulaza uso wake juu ya mrija. Mkono ukatoka kinywani. Ulining'inia hewani, umelowa, kana kwamba haujui pa kwenda, halafu nao ukaja kwenye mrija, na wa pili ukafuata. Robiya alikuwa ameinama kwenye kibakuli chake na machozi yalikuwa yanadondokea kwenye chai. Oydin alisimama mlangoni akashindwa kujua afanye nini na furaha yake, maana hata kupiga makofi kungemshtua mtoto.

Hamdam-aka alikuwa anaangalia kama mtoto ameacha alama za vidole.

Sasa sikilizeni mambo ya kitambaa. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu kitambaa cha mgeni hakirudi kitupu. Wageni walipoinuka, Hamdam-aka akakijaza zabibu kavu na peremende. Robiya naye, aliyepewa, angelilipa vipi deni lake kama si kwa mikate mingine? Akaja kesho. Akajaziwa tena, akaja tena kesho kutwa. Siku moja mwenyeji, maji yakiwa yamemfika shingoni, alimmiminia chai mpaka ukingoni, na kila mtu wa hapa anajua kibakuli kilichojaa maana yake ni unywe uondoke. Robiya aliinywa yote, akaisifu, akanyoosha kibakuli aongezewe.

Wazazi wengine hawakuwa wajinga. Kufikia Navruz kulikuwa na foleni ya wageni wa kimo cha meza, kila mmoja na mkate wake.

"Mwalimu," Hamdam-aka alimwambia Oydin, jasho likimtoka, "tangu lini shule ikawa na wageni wote hawa?"

"Ni baraka, aka. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji atapona vipi na sukari imekwisha?"

Zarnigor kwanza aliukumbatia tu mrija. Baadaye Oydin alimshushia nyuzi za mwanga mabegani, akazishika moja moja, akazipitisha shavuni. Akaujua ubao wa kugusia, akaukataa upande wa kamba, akalala kwenye manyoya. Halafu siku moja Oydin aliuzima mrija kwa makusudi, akangoja. Mtoto alipapasa, akaupata mkono wa mwalimu wake, akauvuta akauweka kwenye swichi. Kuomba kwake kwa kwanza. Oydin aliwasha, kisha akaenda stoo ya mafagio akalia mpaka akapata kwikwi.

Tume ilipofika, chumba kilikuwa na wageni. Hamdam-aka aliomba kwa sauti ya chini, "Bibi, leo nina wageni."

"Na mimi ni nani?"

Kumwinua mgeni mmoja kwa ajili ya mgeni mwingine ni jambo ambalo halijatungiwa adabu bado. Daktari Dilorom akaingia, Robiya akataka kumpisha kule juu kama ilivyo desturi, daktari akakataa kama ilivyo desturi, na mwishowe akakaa karibu kabisa na mlango, mahali pa mtu asiye na jina. Kutoka hapo alikiona chumba chote. Alimwona Zarnigor, mikono miwili kwenye mrija, kifundo kimebaki kovu.

"Ndiye yule?"

"Ndiye," Oydin alisema. Akapiga moyo konde, akauzima mrija.

Mapovu yakaisha. Mkono wa Zarnigor ukainuka, ukaelekea kinywani, na Robiya akafumba macho. Ulifika mdomoni ukagusa. Ukakaa hapo. Kisha ukashuka, ukapapasa juu ya zulia la Hamdam-aka mpaka ukaupata mkono wa mwalimu, ukauvuta kwenye swichi.

Daktari aliweka kibakuli chini. "Hili limeanza lini?"

"Tangu awe mgeni."

Daktari hakuelewa, lakini aliandika alichokiona. Zarnigor abaki. Ni mwanafunzi wa shule hii. Robiya alimbusu daktari begani, Oydin akambusu Robiya, na Hamdam-aka, kwa furaha ya kweli, akatangaza kwamba pilau lipo.

Kesho yake Robiya alikuja na mikate kama kawaida. Hamdam-aka alimpokea getini, mkono kifuani, uso unang'aa.

"Mikate ya nini tena, bibi? Zarnigor si mgeni, ni wetu. Ni mtoto wa nyumbani sasa."

Na alilisema kwa mapenzi, ndicho kilichouma. Wako watu duniani wanaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hamdam-aka asingempa mgeni jembe hata angekaa mpaka azeeke. Lakini mtoto wa nyumbani ana mahali pake, na mahali pake si chumba cha wageni. Mlango ulikuwa umefungwa. Kupitia tundu la ufunguo Oydin aliona nailoni imerudi.

Zarnigor alikuwa ameshaijua njia. Alikuja akipapasa ukuta, akaupata mlango, akaulaza uso wake juu ya mbao, akangoja. Mbao haikutetemeka. Alingoja tena. Kisha mkono wake ukapanda kinywani, na safari hii haukusimama mdomoni.

Oydin alitaka kutukana, akajizuia.

"Hamdam-aka, nyumbani kwako chumba cha wageni kinasafishwa na nani?"

"Mabinti zangu. Nani mwingine?"

"Mgeni akija tu?"

"Kila siku ya Mungu. Asipokuja mtu ndio kabisa, maana anaweza kuja."

"Watoto wa nyumbani."

"Watoto wa nyumbani," alisema Hamdam-aka, kisha akasikia alichosema. Alimtazama Oydin. Akamtazama mtoto pale mlangoni, na damu kwenye kile kidonda alichokuwa amekiona kikipona kidogo kidogo mbele ya birika lake la chai. Mkono wake ukaenda mfukoni, polepole, kama mtu anayetafuta sababu ya kutopata kitu.

"Usafi tu," alisema.

"Usafi tu, aka. Na mrija uwe umewashwa. Ukizimwa uchafu hauonekani."

Hivyo ndivyo ratiba ya shule yetu ilivyopata kipindi cha usafi wa chumba cha wageni, kila darasa kila siku, na wakubwa wakija huwa wanasifu jinsi watoto wetu wanavyofunzwa kazi. Zarnigor alipewa kitambaa, kilekile cha mikate cha bibi yake. Alikishika mkono mmoja, akaukumbatia mrija kwa mikono miwili, na kitambaa kikawa kinafuta mahali pamoja tu, mbele ya shavu lake.

Kipindi kilipokwisha, darasa lingine likiwa linangoja ukumbini, Oydin aliinama kumwinua. Hamdam-aka alikuwa mlangoni na ufunguo wake.

"Kamaliza?"

"Kamaliza, aka."

Hamdam-aka akaingia. Akaukagua kwa macho ule mrija juu mpaka chini, na ulikuwa safi kiasi kwamba angeweza kujitazamia humo akinyoa ndevu zake. Akakohoa. Kisha akanyoosha kidole cha shahada pale pale mbele ya shavu la mtoto.

"Hapa bado pachafu," alisema, akaketi karibu na mlango kungoja.